Chuma Ndani ya Gari Jepesi

Kwetu kitu kinanunuliwa kwa mkono. Hata leo nikienda sokoni kununua kuku siangalii manyoya. Namnyanyua, namweka kiganjani, nikiona amenilalia mkono kwa uzito ndipo nauliza bei. Jembe hivyo hivyo. Blanketi ndiyo usiseme. Iringa mwezi wa saba, ukiniletea blanketi jepesi nitakuuliza kama umeninunulia mimi au mdoli. Mama zetu walitufundisha hivyo, na kwa mambo mengi walikuwa sawa. Kwa gari ilituponza, na nitaeleza ilivyokuwa, bila kupamba. Shule yangu iliishia darasa la nne, kupamba sikufundishwa.

Miaka ile ya sabini tulikuwa tunakaa Kihesa, Iringa mjini, katika nyumba ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa mjane, mwenye nyumba yake na mdomo wake. Alitupa chumba cha uani, jiko tukawa tunatumia moja. Mume wangu alikuwa fundi wa bodi katika gereji ya mtu. Ukimletea gari lililogonga mti anakurudishia huoni hata mkunjo. Lakini mashine ya kuchomelea haikuwa yake, wala paa, wala nyundo zile kubwa. Alikuwa anataka gereji yake mwenyewe.

Na mimi nilikuwa nataka kurudi kwetu. Niseme wazi, hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu kila nilipoamka. Mimi ni mtu wa Mbeya. Mama yangu alikuwa Iyunga, peke yake, magoti yameanza kumsumbua. Mjomba wangu alikuwa na kiwanja huko huko, kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanapopunguza mwendo. Alimwambia mume wangu, "Mkwe, hapa ukiweka mashine yako, kazi itakufuata kitandani. Nakushikia. Lakini usiniweke sana, watu wananiuliza." Basi tukawa tunatafuta njia ya kupata mashine na mabati ya kuanzia, ili twende Iyunga kabla mjomba hajachoka kungoja.

Njia ikaja kwa sura ya gari.

Nje ya mji kulikuwa na mzungu mmoja aliyelima tumbaku, na mume wangu alikuwa anamtengenezea magari na matrela yake tangu ujana. Wakati ule wazungu wengi wa tumbaku walikuwa wanafunga mizigo. Huyu naye alipoamua kuondoka alimwita mume wangu akamwachia gari lake la starehe, na kadi yake. Lilikuwa gari la milango miwili, la chini chini, refu mbele, fupi nyuma, rangi ya maziwa. Viti vya ngozi nyekundu. Mbele ya dereva mbao iliyong'arishwa kama kabati la bibi harusi. Paa lake turubai jeusi la kukunja, ukitaka unalikunja unabaki na mbingu.

Mume wangu aliniambia kwamba yule mzungu, alipokuwa anamkabidhi, alinyanyua boneti kwa kidole kimoja huku anatabasamu. Kisha akashika gari nyuma akalitikisa, likacheza kama kitanda cha kamba. Mume wangu alidhani anamwonyesha kasoro zake kwa uaminifu. Akamjibu, "Usijali bwana, nitalirekebisha." Mzungu akacheka sana, akampa mkono. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nilichosimuliwa, nasikia vibaya. Kila mmoja alikuwa anasema lake, na wote wawili walikuwa wanafurahi.

Siku aliyolileta nyumbani alinipitia huko shambani, nilikokwenda kuwaaga wenzangu tuliokuwa tunachambua nao tumbaku. Nikapanda. Turubai limekunjwa, kitambaa changu nimekifunga chini ya kidevu. Sikuwa mtu wa kucheka hovyo, lakini siku ile nilicheka. Tulipofika Ipogolo, pale mlima unapoanza kupanda kwenda mjini, kulikuwa na malori yaliyopakia mbolea yananguruma kwa gia ya kwanza. Gari letu liliyapita moja baada ya jingine kama mbuzi anayepita katikati ya ng'ombe. Upepo ulikuwa unaingia mdomoni. Mume wangu akapiga kelele, "Mama watoto, unaona?" Nami nikasema naona, angalia mbele.

Hiyo ndiyo safari moja niliyopanda gari lile likiwa kama lilivyozaliwa.

Kuliuza sasa. Wakubwa wa ofisi wenye uwezo hawakuthubutu. Azimio lilikuwa limeshatoka, kiongozi kuonekana na gari la namna ile ilikuwa kujitafutia kesi. Mmoja alikuja, akalizunguka bila kuligusa, akasema ni zuri, akaondoka kwa mlango wa nyuma kama aliyekuja kuiba ndizi. Wakabaki wafanyabiashara, na hao walikuwa watu kama sisi. Walikuja na mikono yao. Mwenye duka wa Mshindo alilisukuma kwa goti, gari likaenda mbele likarudi.

"Fundi," akasema, "hili hata kuku akilirukia linahama."

Mwingine aligonga mlango kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari aliyepata ugonjwa. Wifi yangu alikuwa anakaa kwenye ngazi ya jiko anachagua mchele, hapitwi na kitu. Kila mnunuzi akiondoka anasema, "Kaka yangu kapewa kikapu cha mzungu. Kina viti."

Halafu akaja mtu wa Rujewa. Huyu alikuwa mfuga ng'ombe aliyehamia Usangu kutoka kaskazini, na mashamba ya mpunga anayo. Alikuja Iringa kuuza mchele. Mtu mnene, mchangamfu, kofia pana. Alilipenda gari tangu getini.

"Kamwene," akatusalimia kwa Kihehe chake cha kuazima, kisha hakutuangalia tena. Alilizunguka kama anavyozunguka fahali mnadani. Akalishika mgongo. Akalibonyeza. Akafungua mlango, akaufunga. Mlango ukalia *ta*.

Uso wake ukaanguka. "Fundi, umesikia?"

"Nimesikia nini, mzee?"

"Ta. Mlango wa gari la maana hausemi ta. Kopo ndilo linalosema ta. Mlango wa gari unasema *buu*, jirani anajua umefika." Akaingia, akakaa, gari likainama upande wake. Akamtazama mume wangu kutoka kule chini. "Na mimi nina tumbo hili. Ukiwa hunioni barabarani utajua niko upande gani."

Wifi akacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Sura nimeipenda," akasema yule mzee, anajivuta kutoka nje. "Sura ni ya bibi harusi. Lakini bibi harusi mwenyewe hana nyama. Huko kwetu barabara ya vumbi, lori likinipita hili litakwenda kulala kwenye majaruba ya mpunga. Mpe nyama, fundi. Na turubai hilo ondoa, mimi si mpiga kambi. Nivune, nije, nikute gari limetulia chini kama gari. Nalichukua. Mbele ya mama huyu nasema, nalichukua."

Mume wangu hakulala vizuri kwa furaha. Mnunuzi amepatikana, na anachotaka ni kazi ya bodi. Angetaka kitu cha injini ingekuwa taabu, lakini chuma? Chuma ndicho kilichokuwa kisomo chake.

Akaanza. Mwenye gereji alimruhusu kutumia mashine siku za Jumamosi. Kule kwenye shamba la mzungu kulikuwa na mabani ya kukaushia tumbaku yaliyoachwa, na ndani yake mabomba makubwa ya chuma ya kupitishia moto. Alipewa yaliyotoboka. Akayapasua, akayanyoosha, akayalaza sakafuni mwa gari akayachomelea kutoka mbele mpaka nyuma. Milango aliijaza vipande vya plau, akavishindilia kwa lami visigongane. Turubai likatoka, na juu akaweka paa la chuma kutoka kwenye tangi la maji, amelipinda kwa nyundo mpaka likakaa kama kofia. Lazima niseme haki, kwa macho lilikuwa zuri. Mshono huuoni. Akalipaka rangi ile ile ya maziwa. Springi za mzungu zikalala, akatafuta za pikapu. Zikasimama.

Wifi akapita pale na kapu lake. "Kaka, hili bado gari au unajenga kanisa?"

"Dada, niache."

"Nakuacha. Nauliza tu kengele utaweka wapi."

Lakini hata yeye, siku milango ilipofungwa na kutoa ile sauti nzito, alisogea, akaufungua mmoja mwenyewe akaufunga tena. *Buu.* Akasema, "Eeh." Kwa wifi yangu hiyo ilikuwa sifa. Mimi nilianza kufunga vyombo. Sufuria ambazo hatukuzihitaji kila siku nilizifunga kwenye kanga, nikaziweka chini ya kitanda. Nilimtumia mama salamu kwa kondakta wa basi kwamba tunakuja tukimaliza jambo la gari.

Mtu wa Rujewa alirudi baada ya mavuno, kama alivyosema. Alikuja Jumapili tulipotoka kanisani. Ilibidi tufanye haraka, maana siku zile mafuta yalikuwa ya shida na gari la mtu binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Alipoliona alivua kofia. Akafunga mlango, akafumba macho kusikiliza. Akaufunga tena. Akaegemea gari kwa mgongo wake wote na gari halikutikisika.

"Hapo," akasema. "Hapo sasa. Nani alisema kwamba fundi wa kweli yuko Dar es Salaam?"

Akataka tulijaribu mpaka Ipogolo na kurudi. Tena akasema, "Mama naye apande, tulione likiwa na watu." Nyuma kulikuwa na kakiti ka kuweka mtoto. Nikajikunja humo na gauni langu la kanisani. Paa lile lilikuwa limekaa karibu na kichwa changu, na ndani kulikuwa na giza ambalo sikulikumbuka.

Kushuka tulishuka vizuri, ila breki zilinuka. Mume wangu alisema ni rangi mpya inakauka. Tukafika mtoni pale Ipogolo, akageuza. Tukaanza kupanda.

Injini ile ilikuwa imetengenezwa ivute kikapu. Sasa tuliitaka ivute bani la tumbaku. Mwanzoni ilinguruma kwa hasira. Akapunguza gia. Ikalia. Akapunguza tena. Basi la abiria likatupita, na mtu akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Fundi, lisukumeni, limeshiba!" Lori la magogo nalo likatupita. Mimi huko nyuma niliona shingo ya mume wangu imelowa. Kisha mvuke ukaanza kutoka mbele, kidogo, halafu mwingi kama chungu kimechemka, na gari likasimama. Si kwamba lilisimama tu, lilianza kurudi nyuma. Yule mzee wa Rujewa, na tumbo lake, aliruka nje akatafuta jiwe akaliweka chini ya gurudumu. Nisiseme uongo, alituokoa.

Tukakaa kando ya barabara kusubiri rejeta ipoe. Mwisho mume wangu akasema, "Mzee, ni rejeta. Nitaisafisha. Au nitatafuta injini ya lori dogo."

"Fundi."

"Nakuambia nitatafuta."

"Fundi, hapa mlima ni mmoja. Mimi kutoka Rujewa kuja huku napanda mingapi?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Gari zuri. Zito. Lakini haliendi."

"Wewe ndiye uliyesema gari nilipe nyama."

"Mimi nilisema. Mimi ni mtu wa mpunga na ng'ombe, nimeangalia nikasema nilichoona. Wewe ndiye fundi. Nilidhani ukiona haifai utaniambia, mzee nyamaza."

Mume wangu alikuwa anaangalia mikono yake.

Yule mzee aliniaga kwa heshima, "Mama, samahani kwa Jumapili yako," akasimamisha lori la watu anaowajua, akapanda. Sisi tulichota maji mtoni kwa kopo, tukarudi nyumbani hatua kwa hatua. Mimi nilitembea nyuma ya gari na viatu vya kanisani ili kulipunguzia. Hata sasa sijui kama mwili wangu mwembamba wa siku zile uliweza kuleta tofauti. Lakini nilitembea.

Ningetamani jambo liishie hapo. Halikuishia.

Mvua za kwanza zilipoanza, kijana mmoja alikuja uani. Mtu wa hesabu kwenye shamba la chai, Mufindi, shati limepigwa pasi, adabu imekaa. Alinikuta nakatakata mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naulizia lile gari la wazi la mzungu wa tumbaku. Aliniambia, kabla hajaondoka, kwamba fundi wa hapa ndiye analo. Nilikuwa nangoja likizo."

Alikuwa amesimama ubavuni mwa gari lenyewe. Kivuli cha lile paa kilikuwa kinagusa kiatu chake.

"Hilo hapo," nikamwambia.

Akageuka. Akaliangalia muda. Akaweka kiganja juu ya paa, kama unavyoweka mkono kwa mtu mwenye homa. Mume wangu alitoka chumbani anafunga vifungo, ana haraka ya mtu aliyesikia neno gari.

"Shikamoo mzee. Paa lake la turubai lipo?"

"Lilitoka. Nililitoa. Lakini naweza kulirudisha, bwana. Kila kitu naweza kurudisha."

"Na hiki cha chini?"

"Niliongeza. Watu walikuwa wanataka zito."

Kijana alijaribu kutafuta neno lisiloumiza, nilimwona. "Mzee, mimi nilimwomba mzungu anipeleke siku moja mpaka Mafinga. Lilikuwa linapaa. Mtu anayetaka gari la namna hii anatafuta ule wepesi. Akitaka zito atanunua lori." Akanywa chai niliyompa, akamsifu mume wangu kwa mishono, akashukuru, akaenda zake. Hakurudi, na kwa kweli hakuahidi.

Wifi alikuwa kwenye ngazi yake. Nilingoja aseme. Alikusanya mchele wake akaingia ndani.

Mume wangu alikata lile paa Jumamosi iliyofuata. Labda angeacha lingebaki hata la kuuza kwa mtu wa kukaa mjini tambarare, kama mji wa namna hiyo upo nyanda hizi. Lakini alikuwa amemsikia yule kijana. Paa lilipotoka, gari likalegea katikati. Kule chini moto wa kuchomelea ulikuwa umeshapinda chuma cha asili bila yeye kujua, na lile paa ndilo lililokuwa linashikilia. Milango haikufunga tena. Hakuna ta, hakuna buu. Aliisukuma, akaipiga kwa goti, mwisho akaiacha wazi, akaenda kuosha mikono, akaosha muda mrefu.

Viti vilikwenda kwa fundi seremala. Injini ilinunuliwa na mtu wa mashine ya kukoboa. Kilichopatikana kilikula maisha ya kawaida, unga, karo, dawa ya mtoto. Mashine ya kuchomelea hainunuliwi kwa viti viwili.

Na mjomba alichoka kungoja. Simlaumu. Kondakta yule yule niliyempa salamu za kwenda ndiye aliyeleta za kurudi, kwamba kiwanja amepewa mtu wa matairi. Nilizitoa sufuria chini ya kitanda nikazifungua kanga.

Mwaka uliofuata tulikwenda Iyunga kumwona mama. Tulikwenda kama wageni, na kikapu cha wageni. Basi lilitushusha karibu na kile kiwanja cha mjomba. Kulikuwa na banda la mabati, matairi yamepangwa mbele, malori mawili yamesimama, na kijana anachomelea bampa bila miwani, cheche zinaruka kila upande. Mume wangu alisimama. Nilimvuta kidogo kwa koti, hakusogea. Alikuwa anaangalia ule mshono.

Kijana akazima moto. "Mzee, una kazi?"

"Hapana," mume wangu akasema. "Napita tu."

"Karibu siku nyingine."

"Asante. Vaa miwani, baba. Macho hayauzwi."

Tukaendelea na njia ya vumbi. Mama alikuwa ametuona kwa mbali, amekaa kwenye kigoda mlangoni, magoti yamefungwa kitambaa. Hakuweza kusimama kutupokea. "Ugonile," akanisalimia kwa lugha ya kwetu, akanishika mkono akaupima kama anavyopima kila kitu, akasema nimekonda. Kisha akamwangalia mume wangu, akaangalia kile kikapu kimoja tulichobeba, akaangalia tena njia nyuma yetu kama kuna mizigo inakuja.

"Mizigo mingine iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mingine, mama, tutalala siku mbili.

Siku ya pili mama aliniomba nimsogezee kigoda ndani, upepo wa barabarani unamchosha, na mume wangu akakibeba pamoja naye, mama amekaa juu yake, mwepesi, anamwambia taratibu mkwe, usije ukaniangusha.